Anayetafuta nchi ya kustaafia amfikirie mzee wa miaka 80

Mhariri,

Naandika kutoka Uyole, Mbeya, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe la moyoni kuhusu hii mada ambayo siku hizi iko kila mahali, nchi gani nzuri ya kwenda kuishi mtu ukishastaafu. Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wanatumiana orodha kila siku, mara Ureno, mara Panama, mara Thailand, Malaysia, Mauritius, na wazungu nao wapo wanaoitaja Tanzania, tena wengine wanafika mpaka huku kwetu, wanapiga picha mlima Rungwe na mashamba ya chai ya Mufindi wanasema hapa ndipo pa kuzeekea. Hizo orodha nazisoma sana. Mimi ni muuguzi mstaafu, kazi yangu karibu yote nimeifanya wodini na wagonjwa wengi walikuwa wazee, na kinachoniuma ni kwamba orodha zote zinamuongelea mtu wa miaka 65 ambaye bado ana miguu yake. Jua, bei ya nyanya, kodi ya nyumba, fukwe. Hakuna inayomuongelea huyo huyo akiwa na miaka 80, kashafiwa na mwenzie, macho hayaoni vizuri, na hela aliyokuja nayo imeshapungua nguvu. Mimi nasema nchi ichaguliwe kwa ajili ya huyo wa 80. Wa 65 ataishi popote.

Nina dada yangu mkubwa yuko Reading, Uingereza, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na shemeji anaendesha basi, wote wamekaribia kustaafu na wote walishachukua uraia wa kule. Sasa nyumba nzima imegawanyika, shemeji anataka Ureno kwa sababu ya jua na kwa sababu watoto wataweza kuja kwa ndege ya masaa machache, dada anataka kurudi Rungwe, anasema hawezi kufia ugenini. Kila Jumapili tukipigiana simu ni hilo hilo. Nimefuatilia mambo haya kwa ajili yao, nimesoma, nimeuliza, na nimeona si ya familia yetu tu, huku Nyanda za Juu Kusini hakuna ukoo usio na mtu nje.

Tuanze na hela maana ndiyo watu wanadhani wameshaimaliza. Pensheni ya serikali ya Uingereza inapanda kila mwezi wa nne, lakini inapanda kwa anayeishi Uingereza kwenyewe, au nchi za Umoja wa Ulaya, au nchi nyingine chache zenye makubaliano nao kama Marekani, Jamaika, Ufilipino na Mauritius. Ukihamia Tanzania inaganda. Kenya inaganda, Afrika Kusini inaganda, Thailand wanayoisifia kila siku inaganda, hata Kanada na Australia ambako Waingereza wamejaa inaganda. Yaani kiwango ulichohama nacho ndicho utakachokula mpaka kufa. Mtu aliyeanza kupokea pensheni mpya kamili mwaka 2016 alikuwa anapata pauni 155.65 kwa wiki, kama aliihamishia Mbeya basi leo bado anapokea hiyo hiyo 155.65, wakati mwenzie aliyebaki Reading au aliyeenda Ureno ilipofika Aprili 2025 alikuwa anapokea 230.25. Piga hesabu ya mwaka huo, ni karibu pauni 3,900 alizikosa, na pengo linazidi kila mwaka. Wazee karibu nusu milioni duniani wako kwenye hali hiyo na wamelia miaka mingi hawajasikilizwa. Dada yangu anafanya kazi na wazee Waingereza kila siku na hili alikuwa halijui! Yeye alikuwa anageuza pauni kuwa shilingi anaona mbona ni hela ndefu, na kweli mwaka wa kwanza ni ndefu, ila unga utapanda, dawa za presha zitapanda, mshahara wa dada wa kazi utapanda, yake imesimama.

Mmarekani hana shida hiyo, pensheni yake inapanda hata akikaa Makete. Ila bima yake ya wazee, Medicare, haimfuati nje ya Marekani, kwa hiyo hela inamfuata lakini hospitali haimfuati, na hapo ndipo ninapotaka kukaa zaidi maana ndiyo kazi yangu.

Kuna mzee mmoja mgeni, mtu wa Ulaya, alikuwa anaishi na mkewe upande wa Tukuyu, nyumba nzuri juu kilimani, siku ikiwa safi unaliona Ziwa Nyasa kule chini. Alianguka bafuni usiku, wakati wa masika. Wale wanaojua kazi hii wakisikia tu namna alivyokuwa wanajua ni nini, mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzie na kidole gumba kimegeukia nje, hiyo ni nyonga imevunjika. Majirani walimtoa kwa godoro, wakalaza viti vya Noah wakamuingiza nyuma, barabara ya kutoka kwake mpaka kwenye lami ni udongo na mvua ilikuwa haijakata, gari linateleza, kila likiruka anang'ata taulo. Halafu kutoka Tukuyu mpaka Mbeya mjini ni kama kilomita 70 za kona. Mkewe anajua kusalimia tu kwa Kiswahili, mfuko wa dawa kaubeba lakini hajui ipi ni ya moyo na ipi ni ya kuyeyusha damu, na hiyo ya kuyeyusha damu ni muhimu sana kabla mtu hajapasuliwa. Ile kampuni ya bima simu yake ni ya Ulaya, kule nako usiku, hakuna wa kutoa idhini. Nyonga ya mzee inatakiwa ifanyiwe upasuaji haraka, ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu mzee akilala kitandani bila kunyanyuka ndipo kinakuja kichomi, vidonda vya mgongo, na damu kuganda kwenye mguu. Yeye alisubiri zaidi ya hapo kwa sababu ya karatasi za bima.

Alipona. Na niseme ukweli wote, majirani wale, kina mama wa kanisani, walipokezana kukaa naye, uji asubuhi, ndizi mchana, wengine walikuwa wanalala sakafuni wodini, na yule mke alikuwa analia akisema kwao asingepata mtu wa kumfanyia hivyo. Hilo ni kweli na ni utajiri wetu. Ila walirudi Ulaya, kwa sababu walishajua siku nyingine inaweza kuwa kiharusi, na kiharusi kinataka kipimo cha kichwa ndani ya masaa machache. Nyumba imebaki na mlinzi.

Kwa hiyo mtu akinambia anataka nyumba yenye mandhari, namuuliza toka hapo mpaka chumba cha upasuaji ni dakika ngapi, usiku, mvua inanyesha? Namuuliza figo zikichoka itakuwaje, maana kusafisha damu ni mara tatu kwa wiki na kila mara ni kama masaa manne, huwezi kufanya hivyo ukiwa unatoka Matema au Makete. Namuuliza bima yake inamkatia umri gani, kwa sababu kampuni nyingi zinakupokea kwa furaha ukiwa na 60 na zinakuonyesha mlango ukifika umri ambao ndiyo unaanza kuumwa. Na namuuliza ndege, maana uwanja wa Songwe tunao na umetusaidia sana tangu ulipofunguliwa 2012, lakini ukungu unaujua mwenyewe, na kwa basi Dar ni zaidi ya kilomita 800.

Upande huu lazima nimpe shemeji haki yake. Mtu mwenye pensheni ya serikali ya Uingereza akihamia nchi ya Umoja wa Ulaya kuna fomu inaitwa S1, akiisajili kule anatibiwa kama raia wa pale na Uingereza ndiyo inalipa. Pensheni inapanda, matibabu yapo. Viza ya kuishi Ureno wanayoita D7 inataka uonyeshe kipato cha uhakika kisichopungua kima cha chini cha mshahara wa Ureno, mwaka 2025 kilikuwa euro 870 kwa mwezi, na nusu ya hiyo juu yake kwa ajili ya mke. Siyo rahisi lakini ni kitu kinachoeleweka, kimeandikwa, unajua unapeleka nini. Siku hizi pasipoti ya Uingereza peke yake haitoshi, tangu 2021 wanaruhusiwa siku 90 tu katika kila siku 180, zaidi ya hapo lazima kibali. Tatizo langu na Ureno ni moja, hawana mtu kule. Hata mmoja. Kireno hawajui, na mimi nimewaona wazee wanaopoteza kumbukumbu, lugha waliyojifunza ukubwani ndiyo inayoondoka kwanza, inabaki ile ya utotoni. Dada yangu akifika huko atabaki na Kinyakyusa, na kule Ureno nani atamjibu?

Sasa tuje nyumbani. Dada kazaliwa Katumba, kitovu chake kimezikwa pale, lakini alipochukua uraia wa Uingereza akapoteza wa Tanzania kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kwa sababu mtu mzima hapa kwetu haruhusiwi uraia wa nchi mbili. Maana yake akirudi Rungwe anarudi mgeni, kama yule mzee wa nyonga. Anahitaji kibali cha kuishi, na hapa wastaafu wanawekwa daraja C pamoja na wanafunzi, watafiti, wamisionari na wanaojitolea. Ardhi nayo, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kwa kawaida asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na nyumba ya kuzeekea si uwekezaji. Zanzibar wenzetu walishaweka utaratibu wao, mgeni akinunua nyumba kwenye mradi uliosajiliwa na ZIPA, ile mamlaka ya uwekezaji ya kule, kuanzia dola 100,000, anapata kibali cha ukaazi. Lakini dada yangu Zanzibar atamfuata nani, yeye anataka mgomba na ukungu wa asubuhi.

Suala la hadhi maalum kwa diaspora, yaani Watanzania wa asili waliochukua uraia wa nje, serikali imelizungumza sana mpaka likafika bungeni, na ni jambo jema mno, mimi naliunga mkono kwa mikono miwili. Ila namwambia dada asichimbe msingi kwa sababu ya tangazo, achimbe akishaishika karatasi mkononi yenye jina lake.

Maana wengi wanapita njia ya mkato, kiwanja kinaandikwa jina la kaka, au mpwa, au kwa wazungu ndiyo jina la mchumba. Hii imeumiza watu Mbeya hii hii, Iringa, Njombe, kila mahali. Na siyo lazima kaka awe mwizi, hapo ndipo watu hawaelewi. Kaka anaweza kuwa mwaminifu kama malaika, halafu akafa. Mirathi ikifunguliwa ile nyumba inahesabika ya marehemu, mke wake na watoto wake wana haki nayo, nao hawajui nani alituma hela ya bati na nani alituma ya tofali, wewe uko Reading una risiti za kutuma hela tu zilizoandikwa "matumizi". Nimekaa kwenye vikao vya namna hii vya ukoo, ni vibaya, watu wanaoana na kuzikana wanaacha kusalimiana. Na vijijini kuna la ziada, ardhi ya kijiji lazima ipite halmashauri ya kijiji na muhtasari uandikwe, wewe uliyelipa kwa simu kupitia binamu muhtasari umeuona?

Wageni wengine wanakuja na wazo la kujishikiza na kabiashara ili pensheni isiumie. Wajue kwamba tangu Julai 2025 kuna amri inayokataza wasio raia kufanya biashara kadhaa, zikiwemo duka la rejareja, uwakala wa pesa kwa simu, saluni, kuongoza watalii, na kununua mazao shambani. Hiyo ya mwisho inagusa huku kwetu moja kwa moja, nimewasikia wageni wakisema nitakaa Rungwe ninunue parachichi kwa wakulima nipeleke Dar. Haiwezekani tena. Sikatai amri hiyo, vijana wetu nao wanahitaji kula, nasema tu aliyekuwa ameweka hesabu zake humo azipige upya.

Na masharti yanabadilika, siyo kwetu tu. Malaysia ilianza mpango wake wa wageni wastaafu mwaka 2002 watu wakaukimbilia, mwaka 2021 wakapandisha kipato cha kuonyesha kutoka ringgit 10,000 kwa mwezi mpaka 40,000, wakaja kubadilisha tena. Ureno ilikuwa na nafuu ya kodi kwa wageni tangu 2009, kuanzia 2024 wapya hawaipati ile ya zamani. Thailand wanataka uwe na miaka 50, baht 800,000 benki au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, na kila siku 90 unatoa taarifa ya unapoishi, mwaka ukiisha unaanza upya. Ukiwa na miaka 66 hiyo ni matembezi ya kwenda ofisini. Ukiwa na 84, mume kafa, na kibali kilikuwa cha mume, mama wa watu anaanzia wapi?

Basi nilichomwambia dada ni hiki. Njoo nyumbani, mimi nataka uje, lakini usijenge Katumba. Panga nyumba kwanza hapa Mbeya mjini, Forest au hata hapa Uyole, karibu na hospitali ya rufaa, na uje kipindi kigumu, ukae Februari mpaka Aprili uone mvua ya Rungwe inavyonyesha, kule Tukuyu zinapita milimita 2,000 kwa mwaka, njia ya kwenda kwa mama utaisahau, halafu ukae Juni na Julai uone baridi inavyokamata magoti. (Na jiko la mkaa usiliingize chumbani mkafunga madirisha, kila msimu wa baridi tunazika watu kwa hewa ya sumu ya mkaa.) Katumba utaenda Jumamosi, utakula ndizi, utarudi. Uraia wa Uingereza usiuchezee, na kile kiflati cha Reading wasikiuze, wakipangishe, kodi yake inapanda hata kama pensheni imeganda. Bajeti waipige kwa pensheni ambayo haitaongezeka shilingi mpaka kufa, wakiona inatosha kwa miaka 25 waje, isipotosha wakae Uingereza nusu ya mwaka. Wote wawili waandike wosia, huku na kule, na kila mmoja awe na kibali chake mwenyewe na akaunti yake mwenyewe. Dada alinyamaza kidogo akasema mbona unaongea kama wakili. Nikamwambia naongea kama nesi, nimeona mwisho wa mambo haya.

Shemeji bado anasema Ureno, na kwa watu wasio na ndugu wanaowasubiri mahali mimi simbishii.

Ombi langu kwa wenye mamlaka ni dogo. Panama imesema wazi, pensheni ya dola 1,000 kwa mwezi ya maisha, leta karatasi upewe ukaazi, mtu yeyote anaelewa kwa sentensi moja. Idara ya Uhamiaji, Wizara ya Ardhi na wenzao wa afya wakae pamoja watoe karatasi moja ya Kiswahili kwa ajili ya mstaafu anayetaka kuishi Tanzania, awe mzungu awe Mnyakyusa mwenye pasipoti ya nje: kipato kiasi gani, kibali cha muda gani, mwenzi akifiwa anabaki kwa utaratibu upi, nyumba ya kuishi anaruhusiwa kuipata vipi, na bima ipi itampokea akishavuka 70. Wabandike ofisi za balozi na ofisi za mikoa, Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe. Na wewe Mhariri ukiweza ichapishe gazetini, nitaikata nimtumie dada.

Muuguzi mstaafu,
Uyole, Mbeya